Rolling Stones walivyorudia penzi lao la kwanza

KUISHIWA na hamu ya jambo ulilolipenda tangu utotoni ni msiba usio na matanga. Mwanafunzi aliyekuwa akipiga gitaa kila jioni hulitundika ukutani likajaa vumbi. Mzazi aliyekuwa na santuri tele huzisukuma chini ya kitanda na kuzisahau. Je, hamu ya namna hiyo yaweza kurudi? Bendi ya Rolling Stones ya Uingereza yatupa jibu.

Mnamo Desemba 2015, wanamuziki hao waliingia studio ya British Grove, jijini London, wakinuia kurekodi nyimbo mpya. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu watoe albamu ya nyimbo zao wenyewe. Mwimbaji Mick Jagger alikuwa na umri wa miaka 72, naye mpiga ngoma Charlie Watts miaka 74. Pesa na sifa walikuwa nazo kochokocho, lakini kazi haikwenda. Studio ilikuwa ngeni kwao na sauti ilikataa kukaa sawa.

Basi wakaamua kupasha vidole moto kwa kibao kikongwe cha Little Walter, gwiji wa bluzi wa Chicago. Ghafla chumba kikachangamka. Wakapiga cha pili, kisha cha tatu. Eric Clapton, aliyekuwa akirekodi kazi yake mlango wa pili, alikuja na kupiga gitaa katika nyimbo mbili. Kwa siku tatu tu, nyimbo 12 zilikuwa tayari. Hakuna hata mmoja waliotunga wao.

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Jagger na mpiga gitaa Keith Richards walisoma pamoja shule ya msingi, wakapoteana, kisha wakakutana tena mwaka 1961 katika stesheni ya gari moshi ya Dartford. Jagger alikuwa amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters. Mazungumzo kuhusu santuri hizo ndiyo yaliyozaa bendi mwaka uliofuata. Hata jina lao walilitoa katika wimbo wa Muddy Waters.

Muddy Waters naye alikuwa mkulima wa Mississippi aliyehamia Chicago mwaka 1943 kutafuta maisha. Katika vilabu vya jiji, kelele zilimeza gitaa lake, akalazimika kushika la umeme. Little Walter akakisogeza kinanda chake cha mdomo karibu na kipaza sauti, kikalia kwa namna ambayo haikuwa imezoeleka. Huo ndio muziki uliovuka bahari na kuwateka vijana wa Uingereza.

Albamu hiyo, Blue & Lonesome, ilitolewa Desemba 2016 na kushika nambari ya kwanza Uingereza. Januari 2018 ikatunukiwa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya bluzi ya kijadi.

Lakini tuzo si kitu ikilinganishwa na jambo jingine. Agosti 2021, Watts aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 80. Blue & Lonesome ndiyo albamu ya mwisho ya studio ambayo bendi hiyo iliitoa akiwa hai. Lau wenzake wangalikata tamaa na kwenda zao siku ile kazi ilipogoma, tungaliikosa.

Wazee hao waliendelea. Mwaka 2023 walitoa Hackney Diamonds, albamu ya nyimbo zao wenyewe, na wakaifunga kwa wimbo ule ule wa Muddy Waters uliowapa jina.

Kwa hivyo msomaji, kabla hujaliuza gitaa la watu au kuzitupa santuri za baba, tafuta ule wimbo wa kwanza uliokukosesha usingizi. Usikilize mpaka mwisho, watoto wakiwapo. Mwacha asili ni mtumwa.