Fundi wa kinga kwenye barabara ya Kasapa: tumuombe atufundishe



Kwetu Katanga baiskeli tunaiita kinga. Mtu anayesimama asubuhi kwenye barabara ya Kasapa, ile inayopita chuo kikuu, ataziona zikitoka porini zimebeba makala: magunia matatu, mara nyingine manne, na nyuma yake baba mmoja anayesukuma huku amekunja mgongo. Makala hayo ndiyo yanayopika bukari katika nyumba nyingi za mji huu. Goma mna chukudu, na mji wenu umeisimamishia sanamu. Sisi tuna kinga, nayo haina sanamu.

Baba mmoja wa parokia yetu anafanya kazi hiyo. Siku moja alikuja kwangu kuomba maombi. Gurudumu la nyuma lilikuwa limevunjika njiani, magunia yakaanguka, moja likapasuka, naye alikuwa amechukua makala hayo kwa deni. Tuliomba pamoja. Baada ya amina nilimsindikiza nje, nikaiangalia ile kinga. Mimi nimesoma teolojia miaka mingi, spana siijui vizuri, lakini hesabu naijua. Spoku sita zilikuwa hazipo.

Nikamuuliza, “Baba, hizi zimekosekana tangu lini?”

Akajibu, “Pasta, ilianza na moja tu. Tangu Pasaka.”

Jibu hilo lilinisumbua. Kati ya Pasaka na siku ile alikuwa amekaa nasi katika ibada nyingi, na hakuna aliyemwambia kwamba spoku moja ikikatika, mzigo wake unahamia kwa zile za jirani, nazo zinachoka mapema. Mimi mwenyewe sikulijua jambo hilo. Nililijifunza siku chache baadaye kwa fundi wa kinga, ambaye karakana yake ni kivuli cha mti, sanduku la spana na beseni la maji.

Tulichojifunza chini ya mti

Tulikubaliana na fundi huyo atufundishe siku ya posho, mchana, wakati wateja wamepungua. Walikuja vijana tisa, wababa wanne wa makala, na mama mmoja anayepeleka mihogo sokoni kwa kinga ya marehemu mume wake. Kila mtu alileta kinga yake, na fundi alikataa kugusa hata moja. “Mkono wako ndio unajifunza,” alisema. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

Kwanza, breki. Kinga nyingi za kazi huku ni zile nzito za mtindo wa zamani, ambazo breki yake inavutwa kwa vyuma vyembamba badala ya waya, na vipande vya mpira vinabana ringi ya chuma. Ringi ya chuma ikilowa maji, breki hiyo inashika kidogo sana. Mtu mwenye magunia matatu kwenye mteremko, mvua ikinyesha, hawezi kusimama kwa ghafula. Kwa hiyo kabla ya mvua kuanza angalia vipande vya mpira: vikiisha, badilisha, vikiwa na mafuta, safisha. Na siku ya mvua shuka, usukume, ukibana breki kidogo kidogo mapema ili ringi ifutwe maji.

Pili, mpira wa ndani. Mpira ukitoboka, ujaze upepo, uuzamishe ndani ya beseni, utazame mapovu. Kausha, sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanabandika kiraka wakati solusheni bado mbichi, na kesho yake kinatoka. Ngoja dakika chache mpaka ikauke na kunata, ndipo ubandike na kukandamiza. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole polepole ndani ya mpira wa nje, maana mwiba uliotoboa bado unaweza kuwa humo. Na ukikuta matundu mawili madogo yanayokaa sambamba, usitafute mwiba. Upepo ulikuwa mdogo, mzigo mkubwa, na ringi ikaubana mpira kwenye jiwe. Dawa yake ni pampu.

Tatu, mnyororo. Vumbi letu jekundu la kiangazi likichanganyika na mafuta linakuwa kama msasa. Futa kwanza kwa kitambaa, tia tone la mafuta ya mashine kwenye kila kipingili, zungusha, kisha futa yaliyobaki nje. Mafuta ya kupikia hayafai, yanaganda. Kujua kama mnyororo umechoka, pima vipingili 24 kwa rula: mnyororo mpya ni sentimita 30.5 hivi. Ukifika 30.8, ubadilishe, la sivyo utakula meno ya gia, na gia ni ghali kuliko mnyororo.

Nne, magurudumu. Inua kinga, shika gurudumu, litikise kulia na kushoto. Likicheza, gololi za ndani zinahitaji kukazwa au kutiwa grisi. Kisha gonga kila spoku kwa kidole. Zilizokazwa zinalia, iliyolegea inanyamaza. Ile iliyonyamaza ndiyo ya kushughulikia wiki hii, kabla ya kuwa sita.

Kijana mmoja alihangaika sana kufungua pedali ya kushoto hadi jasho likamtoka. Fundi alimwacha kidogo, kisha akamwambia ageuze upande mwingine. Pedali ya kushoto inafunguliwa kinyume na skrubu za kawaida. Tulicheka, lakini hakuna atakayesahau.

Mpira huu ulitoka wapi

Wakati tunangoja solusheni ikauke, kijana mwingine aliuliza ni nani aliyeanzisha mpira wa upepo. Nilimwambia ninachojua. Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, aliutengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baiskeli zikapendwa Ulaya na Marekani, na mpira ukatafutwa kila mahali. Sehemu ya mpira ule ilitoka katika misitu ya nchi yetu, wakati wa mfalme Leopold wa Pili, na babu zetu waliulipa kwa damu. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, alimpiga picha baba mmoja aliyeketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa. Picha zake zilisaidia dunia kuamini, na mwaka 1908 Leopold alinyang’anywa Kongo.

Vijana walinyamaza. Kisha yule mama wa mihogo akaokota kipande cha mpira mzee kilichokuwa chini na kukiweka kwenye mfuko wake. “Hiki kitatoa viraka,” alisema.

Je, fundi anapoteza wateja?

Swali hili niliulizwa na mzee wa kanisa, nami nilimpelekea fundi. Hakunificha. Alisema ndiyo, viraka vitapungua, na viraka ndivyo vinavyomletea chakula cha kila siku. Kazi kubwa, kama kujenga gurudumu upya au kuunganisha fremu iliyokatika, zitabaki kwake, lakini hizo haziji kila siku.

Basi tusidanganyane. Sisi watu wa kanisa tunapenda kumwambia mwenye ujuzi, “Ndugu, fanya kwa ajili ya Bwana,” hata tunaposhindwa kumwambia hivyo mwenye duka la saruji. Mtume Paulo alishona mahema kwa mikono yake, na Bwana alipowatuma wanafunzi hakuwaficha kwamba mtenda kazi ana haki ya malipo. Halmashauri ya parokia ilikubali kumlipa fundi kwa kila mchana wa mafunzo, kiasi cha pesa anachopata siku ya kazi ya kawaida. Spana mbili, msasa na pampu vinakaa kanisani, chini ya uangalizi wa mama wa mihogo, na yeyote anaweza kuazima akiandika jina lake.

Ndugu wa Uvira, Kalemie, Kisangani na kwingine, najua kwenu mambo hayafanani na ya hapa. Labda kwenu ni pikipiki, chukudu au cherehani. Lakini katika kila parokia kuna mtu ambaye riziki ya nyumba yake inategemea chombo kimoja, na mara nyingi kuna fundi anayekijua chombo hicho, amekaa barabarani, hajawahi kuulizwa na kanisa jambo lolote. Anzeni na watu wachache. Kila mtu alete chombo chake, atumie mikono yake, na fundi alipwe.

Yule baba wa makala bado ana deni. Gurudumu alilijenga upya mwenyewe, fundi akimwelekeza, ikamchukua mchana mzima. Siku ya Mungu iliyopita alifika ibadani akiwa amechelewa, mikono ina grisi. Nilipomuuliza sababu, alisema amesimama njiani: mwenzake mmoja alikuwa na spoku iliyonyamaza.