Taya Lililokataa Kufunguka

Dada yangu ameolewa Kitui, na huko amesomesha chuo kwa miaka kumi na minne. Baadhi yetu wa pwani hudhani Ukambani ni nchi ya mbali, ilhali misafara baina ya Mombasa na Kitui ilikuwa ikienda na kurudi tangu enzi za Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba wa karne ya 19. Leo barabara ya lami yatoka Kibwezi, yapitia Mutomo, hadi mlangoni pake.

Asubuhi moja alikuwa akiwasahihisha watoto herufi ya dhadi. Taya lake la kushoto likatoa mlio kama wa bawaba kavu, likakwama. Kinywa kilifunguka kwa upana wa kidole kimoja tu. Watoto walicheka, wakidhani mwalimu anawatania.

Hakuwa akitania. Maumivu yalikuwa yamemwandama kwa miezi. Yalianzia mbele ya sikio, yakapanda kwenye kipaji, na kila alfajiri aliamka kichwa kikimgonga. Kwanza alijitia dawa ya sikio. Kisha akaenda zahanati moja ya sokoni, ambayo sitaitaja, akang'olewa gego la juu. Maumivu yalipoendelea, aling'olewa la pili. Yote mawili yalikuwa mazima. Wanaojua elimu ya tajwidi watafahamu uzito wa msiba huo: dhadi hutamkwa kwa ubavu wa ulimi unaoegemea magego ya juu.

Ewe msomaji, weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua na ufunge kinywa. Hapo panapotikisika ndipo penye kiungo cha taya. Si bawaba tu. Kichwa cha mfupa huzunguka, kisha huteleza mbele, na katikati yake pana kipande cha gegedu kinachozuia mifupa isisagane. Gegedu likihama mahali pake, taya hulia, na pengine hukwama. Lakini mara nyingi tatizo huwa katika misuli iliyochoka kwa kukaza na kusaga meno. Maradhi haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Mlio mtupu usio na maumivu, kwa kawaida, hauhitaji tiba.

Hatimaye alikwenda idara ya meno ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kitui. Aliona haya kufunua uso, akaomba daktari wa kike. Siku hiyo hakuwepo, akaingia pamoja na mumewe. Daktari alimtaka aingize vidole vyake vitatu kinywani vikiwa wima, kipimo ambacho mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hukiweza. Vikakataa. Akamuuliza, "Wasaga meno usiku?" Akajibu hapana. Mumewe akasema, "Daktari, mimi silali!" Mwaka ule mzima alikuwa akimuuguza mavyaa wake, na moyo wake haukuwa na raha.

Akaambiwa aache muthokoi, miwa na ubani wa kutafuna kwa muda. Ale uji, wali laini, samaki na maharage yaliyopondwa. Ajikande kwa kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika kumi na tano hadi ishirini, mara kadhaa kwa siku. Midomo ifungwe, meno yasigusane. Akipiga miayo, ashike kidevu. Alipewa dawa ya maumivu ya ibuprofeni kwa siku chache, baada ya chakula. Nayo si ya kumeza ovyo kwa mja mzito, mwenye vidonda vya tumbo au mgonjwa wa figo. Ramadhani ilikuwa imekaribia, basi akapangiwa dozi baada ya futari na wakati wa daku.

Kisha alitumwa Nairobi, akatengenezewa kinga ya plastiki ya kuvaa menoni usiku, akafunzwa na mazoezi ya taya. Huko ndiko aliposikia neno lililomtuliza: wagonjwa wengi hupona bila kisu, na upasuaji ni wa wachache. Ukiambiwa uchongwe meno ili taya lipone, tafuta kwanza rai ya daktari mwingine.

Kisa cha Wote, Makueni, ni kingine. Bibi mmoja, jamaa wa shoga yake dada, alipiga miayo baada ya sala ya alfajiri, kinywa kikabaki wazi, mate yakimtiririka. Jirani akasema ni jini. Akasomewa, na kusomewa ni kheri, lakini saa zikapita na misuli ikazidi kukaza. Alipofikishwa hospitali, daktari aliweka vidole gumba juu ya magego ya chini, akalikandamiza taya chini na kulisukuma nyuma, likarudi. Tiba hiyo ni kongwe: Hippocrates aliieleza, na al-Zahrawi, tabibu wa Qurtuba aliyefariki mwaka 1013, ameandika juu ya kuteguka kwa taya katika al-Tasrif. Tafadhali, asijaribu mtu nyumbani.

Yapo maumivu ya taya yasiyongoja. Yakija pamoja na kubanwa kifua na jasho, huenda ni moyo. Uvimbe na homa huashiria jipu la jino. Taya likikaza siku chache baada ya jeraha, ihofiwe pepopunda. Na aliyepita miaka 50, akiumwa kipaji na macho yakififia, aonwe siku hiyo hiyo.

Baada ya miezi mitatu vidole vitatu viliingia. Mlio haujaisha kabisa, wala magego hayatarudi. Dada amerejea chuoni, na dhadi yake sasa huitoa upande wa kulia.