Mangi, Hii Bado Inafaa?

Dukani kwangu Temeke kitu kilichopita tarehe hakiuzwi. Wakaguzi wa shirika la viwango, TBS, wakikikuta ni kesi. Lakini wateja huniletea vya kwao kutoka kabatini: "Mangi, hii imepita wiki mbili, nile?"

Biskuti, tambi na majani ya chai nawaambia waangalie pakiti. Ikiwa haijafunguliwa na ilikaa pakavu, tarehe ile ni ya ubora: biskuti italegea, chai itapoteza harufu, basi. Chumvi na sukari haziozi kabisa.

Maziwa fresh na soseji havina mjadala. Tarehe yake ni ya usalama, na kuna bakteria kama Listeria wanaoendelea kuzaliana hata ndani ya friji, bila kubadili harufu wala ladha. Tena tarehe hiyo imehesabiwa kwa friji yenye nyuzi 5 au chini yake. Umeme ukikatika mchana kutwa, kwa joto letu hili, usiisome tena. Hata maziwa ya boksi yanayokaa miezi shelfuni, ukishayafungua yahamie kwenye friji na yaishe ndani ya siku chache.

Kopo lililovimba au linalovuja litupwe bila kuonjwa, hata kama limebakiza miaka miwili. Linaweza kuwa na sumu ya botulini, inayolemaza misuli ya kupumua.

Wengi hunijibu, "Nitachemsha sana." Hapo ndipo huwa mkali. Moto huua vijidudu, lakini sumu nyingine walizokwisha kuziacha haziondoki. Wali uliolala mezani ni hivyo hivyo, na vibua waliopigwa na jua pia, hata ukiwakaanga wakauke. Unga na karanga zenye kuvu ndizo ninazoziogopa zaidi: mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na ugali ule ulikuwa umepikwa. Ukiona kuvu kwenye unga, usichekeche ili ule uliobaki. Na usiwape kuku, maana sumu hiyo huwadhuru nao.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kujaribu bahati yake na biskuti. Lakini maziwa yaliyopita tarehe yamwage, hasa kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mchanga au mzee, na hasara ya pakiti moja uikubali.