Je, Wajua? Gari la michezo lililouzwa vipande vipande

Lotus Seven, gari dogo la michezo lililobuniwa na Mwingereza Colin Chapman, liliingia sokoni mwaka 1957. Wateja wengi walilinunua likiwa vipande, wakaliunganisha wenyewe nyumbani ili kuepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa magari mapya.

Umbo lake bado lina ubishi. Taa zimechomoza nje, madigadi ya mbele yamejitenga na bodi kama ya baiskeli. Wapo wanaosema fundi aliliacha njiani; wapenzi wake hujibu kwamba uzuri wake ndio huo, kila kipande kina kazi yake.

Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuliunda, na imeendelea kuliuza, hata kwa vipande, sura ikiwa karibu ileile.