Mkunguru, Homa ya Mgeni

Katika Kiswahili cha kale liko neno ambalo vijana wa leo hawalitumii sana, nalo ni mkunguru. Mtu akihamia nchi ngeni, akakaa siku kumi au ishirini, kisha akashikwa na baridi na kutetemeka, kichwa kikamgonga na viungo vikamlegea, watu wa pwani walisema, "Ameshikwa na mkunguru." Walidhani ni hewa na maji ya nchi ile, ambayo mwili haujayazoea. Nasi twaona ya kuwa wazee wale walitazama vema, ingawa sababu yenyewe hawakuijua. Walikwisha kutambua mambo mawili: ya kwanza, iko homa impigayo mgeni kwa ukali kuliko mwenyeji, ya pili, haimpigi siku ile ya kufika, bali baadaye. Mambo hayo mawili ndiyo tutakayoyaeleza mwezi huu, kwa kuwa katika nyumba zetu hakuna hata moja isiyokuwa na msafiri.

Nao Washambaa waliona zaidi. Daktari mkubwa wa Kidachi, Robert Koch, alipokuwa katika nchi hii mwaka 1897 na 1898 akichunguza homa, alisikia habari za watu wa milima ya Usambara. Walimwambia ya kuwa kwao juu homa si desturi, lakini mtu akiteremka nyikani huipata, kwa sababu kule chini huumwa na wadudu waitwao mbu. Hata ugonjwa wenyewe waliuita mbu. Koch aliandika maneno hayo katika taarifa yake. Wakati ule wenye elimu wengi wa Ulaya walikuwa wangali wakisema ya kuwa homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa; na jina lenyewe, malaria, katika lugha ya Kiitalia maana yake ni hewa mbaya. Ilikuwa tarehe 20 Agosti mwaka uo huo wa 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi la Kiingereza katika Bara Hindi, alipopasua tumbo la mbu na kuona ndani yake kijidudu cha homa. Na mwaka 1898 Waitalia, akina Grassi, wakathibitisha ya kuwa ni mbu wa jamaa ya anofelesi amwambukizaye binadamu. Basi wakulima wa Usambara, wasio na darubini, walikuwa njia moja na mabingwa hao. Jambo hili lastahili kusomwa darasani, maana watoto wetu hufundishwa jina la Ross, wala hawaambiwi habari za Washambaa.

Sasa tuitazame nchi yetu wenyewe. Njia ya zamani ya misafara, itokayo pwani ya Saadani na kwenda Mpwapwa, ilipita katika milima hii ya Ukaguru, na wamisionari wa CMS walikuwa na kituo hapa Mamboya katika miaka ya 1880. Wageni wale walipenda kujenga juu ya vilima ili waepuke hewa mbaya ya mabonde. Dawa yao ilikuwa kwinini, nayo haikuwatosha. James Hannington alipita njia hii mwaka 1882 akielekea Ziwa Nyanza, akalemewa na homa na kuhara damu hata akarudishwa kwao mwaka 1883. Askofu Parker alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini ya ziwa, mwezi wa Machi 1888. Alexander Mackay, yule fundi mashuhuri wa Uganda, alikufa kwa homa mahali pale pale mwezi wa Februari 1890.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa vita. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, yaani Makaburu na Waingereza wa Afrika ya Kusini, yalitoka Kondoa na Dodoma, yakapita Mpwapwa, yakateremka hata Kilosa, yakauingia mji ule mwezi wa Agosti. Wengi wao walitoka katika nchi ya baridi isiyo na homa. Kikosi kimoja, cha 9 cha askari wa miguu, kilianza mwezi wa Februari na watu 1,135. Ulipofika mwezi wa Oktoba, waliokuwa wazima wa kufanya kazi walikuwa 116 tu, na mapigano yenyewe hayakuwa mengi. Njaa na kuhara viliwapunguza, lakini homa ndiyo iliyokuwa mbele. Wala wasidhani wasomaji ya kuwa ni ngozi nyeupe iliyowaponza. Wapagazi weusi waliochukuliwa kwa nguvu kutoka milima ya baridi ya Kenya, wakapelekwa mabondeni, walikufa vivyo hivyo. Na habari zao hazikuandikwa kwa uangalifu kama za askari. Mbu hatazami rangi. Hutazama kama damu yapitika.

Kwa nini basi mgeni huumia kuliko mwenyeji? Mtoto aliyezaliwa katika bonde la homa huumwa mara nyingi tangu uchanga, na wengi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Huo ndio msiba wa nchi yetu. Waliosalia, kwa kuugua mara kwa mara, miili yao hujifunza kupigana na vijidudu. Hawawi salama kabisa, walakini homa haiwaangushi kwa nguvu. Kinga hiyo ni kama shamba: lisipolimwa hurudi kuwa pori. Mtu akikaa miaka kadhaa mahali pasipo homa, kinga yake hupungua, akawa karibu sawa na mgeni, ingawa jina lake, ukoo wake na lugha yake ni vya kwetu. Hata mama mwenye mimba, ijapokuwa ni mwenyeji, kinga yake hupungua kwa wakati ule.

Na juu ya milima mirefu homa ni chache kwa sababu ya baridi. Mbu akimnyonya mgonjwa, vijidudu vyahitaji siku kumi au zaidi kukomaa tumboni mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Penye joto hukomaa upesi. Penye baridi, chini ya digrii 18 hivi, vile vya aina kali, iliyo nyingi kwetu, havikomai, na mbu hufa navyo. Hapa Mamboya hatuwezi kujisifu, homa tunayo. Lakini ndugu zetu wa vijiji vya juu kabisa, penye ukungu na baridi, hao ni wageni kila wateremkapo Dumila, Kimamba, Kilosa au Mikumi, ingawa nauli yao ni ndogo na safari yao ni ya siku moja.

Twamjua kijana mmoja wa huko juu aliyeteremka kuvuna mpunga katika mashamba ya bondeni. Alilala majuma mawili katika kibanda cha majani, bila chandalua, akarudi kwao mzima, na fedha mfukoni. Siku ya nne baada ya kurudi akashikwa na homa. Jamaa zake wakafikiri: angekuwa ameipata bondeni, angeugua huko huko, bila shaka yuko mtu aliyeona wivu kwa zile fedha. Wakamzungusha kwa waganga siku tatu. Alipofikishwa kwa tabibu alikuwa hasemi tena, mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Alipona kwa shida, baada ya kutundikiwa dawa na kuongezwa damu. Hesabu ya siku ndiyo iliyowadanganya. Tangu mbu aume hata homa ianze hupita siku saba kwa uchache. Mara nyingi ni siku tisa hata kumi na nne, pengine mwezi na zaidi. Kwa hiyo msafiri wa siku chache huugulia nyumbani, si safarini.

Basi twawaomba wazazi na walimu walishike neno hili. Mtu yeyote aliyetoka katika nchi ya homa, akaona homa tangu siku ya saba ya kufika kwake huko hata miezi mitatu baada ya kurudi, na apimwe damu siku ile ile. Asingoje kesho. Kwa asiye na kinga, aina kali yaweza kuua katika siku mbili tatu tangu mwili uanze kupata joto. Zahanati zetu zina kipimo cha haraka, tone moja la damu ya kidole, na jibu hupatikana katika muda wa nusu saa hivi. Kipimo kikisema hakuna, na homa ingalipo, apimwe tena kesho yake. Na akipewa dawa mseto, ameze mara sita zote katika siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa maana pasipo mafuta dawa haiingii vema mwilini. Wengi hupata nafuu siku ya pili, wakaziweka zilizobaki kwa ajili ya mtoto. Huko ni kuwanyima wawili kwa mara moja.

Wako wanaotuuliza habari za klorokwini, ambayo baba zetu walimeza kila Jumapili. Dawa hiyo ilishindwa na vijidudu vya kwetu, na serikali ya Tanzania iliiacha mwaka 2001. Iliyofuata nayo ikashindwa katika kutibu, ndipo mwaka 2006 ikaja dawa mseto yenye artemisinini, itokayo katika mmea wa Kichina ambao Bibi Tu Youyou aliuchunguza miaka ya 1970, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa wageni watokao nchi zisizo na homa ziko dawa za kinga: atovakwoni pamoja na proguanili, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kumezwa kila siku hata siku saba baada ya kutoka, doksisaiklini, ambayo huendelezwa majuma manne baada ya kutoka, nayo haiwafai wenye mimba wala watoto wadogo, na meflokwini, mara moja kwa juma, isiyofaa kwa mwenye kifafa au maradhi ya akili. Mwenye kuchagua na awe tabibu. Chanjo mpya wapewazo watoto wachanga katika nchi kadhaa za Afrika hazikutengenezwa kwa ajili ya msafiri.

Mwenyeji wa milimani ateremkaye kwa juma moja labda hatazipata dawa hizo. Chandalua aweza kukipata. Mbu wa homa huuma usiku, tangu jua kuchwa hata alfajiri, na chandalua kilichotiwa dawa, kisicho na tundu, kikachomekwa chini ya godoro au mkeka, humzuia. Hukunjika kikawa kidogo kuliko shuka. Twashangaa kuona mwanafunzi wa bweni akienda shuleni na sanduku, ndoo, jembe na fagio kama barua ya shule ilivyoagiza, na chandalua kimeachwa nyumbani juu ya kitanda kisicho na mtu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita Kilosa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na watu wa nchi kavu ya Ugogo hufika bondeni au pwani kwa saa chache. Safari imekuwa fupi, lakini kijidudu hakikubadili siku zake.

Tena si watu tu wasafirio. Kisiwa cha Mauritius hakikuwa na homa hii zamani. Katika miaka ya 1866 na 1867 ikalipuka, ikaua watu makumi ya maelfu. Mwaka 1930 mbu wa Kiafrika alionekana Natal, katika nchi ya Brazili, akiwa amevuka bahari kwa merikebu za mbio zilizotoka Dakar. Mwaka 1938 wakaugua huko watu zaidi ya 100,000, na Wabrazili walipigana na mbu yule nyumba kwa nyumba hata wakamwondoa kabisa mwaka 1940. Siku hizi tunaletewa mgeni kutoka Asia, jina lake stefensi, apendaye matangi ya maji ya mijini, mahali ambapo mbu wetu wa zamani hakupendelea. Mwaka 2012 alionekana Jibuti. Mwaka ule nchi ile ndogo ilikuwa na wagonjwa 27. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Amekwisha kufika Ethiopia na Kenya. Mwenye tangi au pipa na alifunike.

Unguja na Pemba watuonyesha upande wa pili. Kwa dawa mseto, vyandalua na kupuliza dawa nyumbani, homa ilipunguzwa huko hata kwa miaka mingi, katika watu mia, hakuonekana mmoja kamili mwenye vijidudu. Nao sasa, kama wale wa milimani, wamekuwa wageni: wagonjwa wengi wa visiwani ni watu waliolala bara karibuni, au waliopokea wageni kutoka bara. Kwa hiyo mgonjwa akionekana, wakaguzi wa afya hufika nyumbani kwake kupima jamaa wote.

Na wako watoto wetu walio Ulaya. Uingereza peke yake ilihesabu wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria mwaka 2023, wote wakiwa wameipata ng'ambo. Na wengi katika hesabu za namna hii si watalii, bali ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona wazazi wao. Hawamezi dawa za kinga, kwa kuwa husema, "Mimi nimezaliwa huko." Hao ndio tuliosema kinga yao imerudi pori. Basi mzazi amwandikiapo mwanawe kumkaribisha kwa Krismasi, na amwambie amwone tabibu kabla ya safari, naye amtandikie chandalua katika chumba cha wageni. Na akirudi huko, akashikwa na homa katika baridi ya London, ambako daktari hufikiri mafua kwanza, jambo la kusema kabla ya mengine yote ni kwamba alilala Kilosa, na tarehe zake.