Lugalo kwenye kioo cha simu: magemu ya vita ya zamu kwa zamu yanavyofanya kazi

Wazazi wengi wakimwona kijana ameinamia simu saa nzima "anapigana vita", wanauliza swali moja: hii si kamari? Jibu ni hapana. Kwenye kubeti unaweka hela, kisha unasubiri miguu ya watu wengine ikuamulie. Kwenye gemu la vita la zamu kwa zamu huweki hela, na kila kinachotokea kinaanzia kwenye uamuzi wako. Unafikiri, unasogeza, unamwachia mwenzako naye afikiri, asogeze. Kama kuna ndugu wa karibu wa gemu hilo, ni bao.

Msikilizaji unayecheza bao tayari unajua nusu ya habari. Mashimo 32, kete 64, watu wawili, na hakuna anayegusa kete wakati wa zamu ya mwenzake. Unaweza kuona nyumba ya mwenzako imejaa, ukaacha kuila leo kwa sababu umeona kitakachokupata zamu mbili mbele. Wanaotengeneza magemu ya vita vya kale wanataka uwaze hivyo hivyo, ila kete zinakuwa vikosi, na mashimo yanakuwa milima, mito na misitu.

Mchezo wa namna hii haukuanza na kompyuta. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za vita vya mezani: ramani, vipande vidogo vya kuwakilisha vikosi, dadu na mwamuzi. Wakubwa wa jeshi waliupenda, ukaingia katika mafunzo ya maofisa. Shika hilo kichwani, maana Wajerumani waliopanda kuja nyanda zetu za juu miaka ya 1890 walitoka katika jeshi lililorithi desturi hiyo.

Siku hizi magemu haya yanapenda vita vya kale sana, vya Wagiriki, Warumi, Wamisri na Waajemi. Vita vinavyorudiwa mno ni vya Cannae, Italia, mwaka 216 kabla ya Kristo. Hannibal wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi ya Tunisia ya leo, alikuwa na watu wachache kuliko Warumi. Akaiacha safu yake ya katikati irudi nyuma polepole, Warumi wakadhani wanashinda, wakazidi kuingia ndani, kisha pembeni kukafungwa. Ni hadithi nzuri. Ila sisi tuna vita vyetu vinavyoeleza kanuni za magemu haya vizuri zaidi, na mahali pake unapapita ukiwa kwenye basi la Iringa kwenda Morogoro.

Kanuni zenyewe

Fungua gemu kama hilo, utaona ardhi imegawanywa vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki. Pembe sita zina faida: ukihama kwenda chumba chochote cha jirani, umbali ni uleule.

Kila kikosi kina hatua zake kwa zamu moja. Uwanda wazi unakula hatua moja, mlima unakula mbili au tatu, mto wenye maji mengi unaweza kumaliza hatua zote. Silaha nayo ina umbali wake. Mkuki wa kuchomea unafika chumba cha jirani tu, bunduki inafika mbali. Halafu kuna ukungu: usichokiona hakipo kwenye kioo chako, hata kama kimekaa nyuma ya kichaka karibu na wewe. Hapa bao linaachana na magemu haya, kwani kwenye bao kete zote ziko wazi.

Na kuna moyo. Gemu zuri halihesabu waliokufa tu. Linahesabu pia woga. Kikosi kinachoshambuliwa ubavuni au mgongoni kinapoteza moyo haraka kuliko kinachopigwa kifuani, na moyo ukiisha kinakimbia hata kama bado kina watu. Mimi naona hii ndiyo kanuni yenye akili kuliko zote, na magemu ya bei rahisi ndiyo yanayoiacha.

Tarehe 17 Agosti 1891, saa moja asubuhi

Sasa tuiweke Lugalo juu ya vyumba hivyo. Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa anapanda kuelekea Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa. Alikuwa na maofisa wachache wa Kijerumani, askari wapatao 320, wapagazi, mizinga na bunduki za rashasha. Upande wa Wahehe walikuwapo watu wapatao 3,000, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao, na bunduki chache. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alikuwa miongoni mwa walioongoza shambulio.

Hesabu ya juu juu inasema bunduki itashinda. Tuijaribu kwa namba za mchezo, si za historia. Tuseme bunduki inafika vyumba sita na mwenye mkuki anatembea vyumba viwili kwa zamu. Akianzia vyumba saba, zamu ya kwanza anafika cha tano, anapigwa. Zamu ya pili anafika cha tatu, anapigwa tena. Zamu ya tatu ndipo anamgusa adui. Amekula risasi mbili kabla ya kuchoma mara moja. Ukiongeza rashasha, huenda asifike kabisa.

Wahehe hawakuanzia chumba cha saba. Walijificha kwenye vichaka na mawe ya bonde, pembezoni mwa njia, karibu kiasi cha kusikia adui akiongea. Walianzia chumba cha kwanza. Risasi mbili zile zikawa sifuri, na ule umbali ambao Mjerumani aliubeba kutoka pwani kwa gharama kubwa haukuwa na kazi tena.

Msafara nao ulikuwa umenyooka kwa mstari mrefu kwenye njia nyembamba. Kwenye gemu utaona tatizo lake mara moja: kila kikosi kina adui ubavuni, na cha mbele hakiwezi kumsaidia wa nyuma kwa sababu njia imejaa. Mizinga ilikuwa juu ya punda. Silaha iliyofungwa inahitaji zamu nzima kufunguliwa, na zamu hiyo haikupatikana. Punda walitaharuki, wakaingia katikati ya askari waliokuwa wanajaribu kujipanga.

Inasimuliwa kuwa ishara ya kushambulia ilikuwa mlio mmoja wa bunduki, na kwamba afisa mmoja Mjerumani alimpiga ndege, Wahehe wakadhani ndiyo ishara yenyewe. Wachezaji wa gemu huichukia dadu pale inapoharibu mpango, lakini simulizi hii inaonyesha kwa nini dadu imewekwa. Vita vina ndege wake.

Mapambano makubwa yalikwisha kwa dakika chache. Zelewski aliuawa. Waliokuwa nyuma kabisa ya msafara pamoja na Luteni Tettenborn walipata upenyo, wakashika mahali pa juu, kisha wakarudi nyuma. Kigemu, hao walikuwa vyumba vingi nyuma, nje ya mtego. Wahehe walitwaa bunduki karibu 300 na mizinga, lakini nao walipoteza watu wengi.

Kalenga, na Merere wa Usangu

Ukishinda raundi moja kwenye gemu, kioo kinaandika umeshinda, unakunywa maji. Mkwawa hakupata kioo cha namna hiyo. Miaka mitatu baadaye Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, na safari hii vita havikuwa vichakani. Mkwawa alikuwa ameizungushia Kalenga ukuta imara. Ukuta unasaidia sana mbele ya jirani mwenye mkuki. Mbele ya mizinga, ukuta unamwambia adui ulipo. Ukungu umeondoka, umbali umerudi, na yule mwenye silaha ya vyumba vingi anakaa mbali anapiga. Watu wa Iringa husimulia kuwa jina la Tosamaganga, yaani kurusha mawe, lilitokana na mizinga iliyopigwa kutoka upande ule. Mashambulizi yalianza tarehe 28 Oktoba 1894, na tarehe 30 Kalenga ikatekwa.

Mkwawa alitoka akiwa hai, akarudia mchezo wa Lugalo kwa karibu miaka minne: kuonekana zamu moja, kupotea zamu inayofuata. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 badala ya kukamatwa.

Wasikilizaji wa Mbeya mnaweza kusema hii ni habari ya Iringa. Hapana, maana upande wa tatu wa ubao ulikuwa kwenu. Wasangu wa Merere walikuwa wamepigana na Wahehe miaka mingi, wakafukuzwa Usangu, wakahamia Utengule Usongwe, karibu na Mbalizi ya leo. Wajerumani walipofika, Merere alikuwa na kila sababu ya kushirikiana nao, na Wasangu wakarudi kwao Usangu. Kwenye magemu makubwa, yale yenye ramani ya nchi nzima, hili ndilo linalowaangusha wachezaji wageni. Unamshinda jirani yako vizuri kabisa, kisha unasahau kwamba bado yupo, ana hasira, na anaweza kuongea na mtu usiyemjua.

Kisichoingia kwenye vyumba

Gemu halina mpagazi. Pale Lugalo walikuwapo watu waliobeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao, na walikufa humo. Askari wenyewe wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo Wasudani na Wazulu. Kwenye kioo wote hao wanakuwa kipande kimoja chenye rangi ya Mjerumani. Na miaka ile minne ya msituni ilimalizwa zaidi na njaa kuliko risasi, kwa vijiji kuchomwa na chakula kuharibiwa. Magemu machache sana yana chumba cha shamba la mtu. Mzazi anayetaka kuzungumza na kijana wake kuhusu gemu anaweza kuanzia hapo. Kumnyang'anya simu hakumfundishi kitu.

Ukitaka kujaribu

Gemu la Field of Glory II, linalosifiwa kwa vita vya kale vya zamu kwa zamu, ni la kompyuta. Rome: Total War lipo kwenye simu, ni la kulipia na linakula nafasi kubwa, tena ndani yake ni ramani tu inayokwenda kwa zamu, vita vyenyewe vinakwenda mfululizo. Kwa simu ya kawaida na bando dogo ningekuelekeza Unciv: la bure, halina matangazo, jepesi, na ukishalipakua linachezeka bila intaneti. Hilo ni la kujenga dola tangu enzi za kale, vita ni sehemu yake tu. Epuka gemu lolote linalokuomba ununue dhahabu au vito ili ushinde, maana hapo ndipo linapoanza kunuka kubeti.

Mwenye kiswaswadu asikate tamaa, karatasi ya manila inatosha. Chora vyumba, paka bonde na njia katikati. Maharage 12 ni msafara, yapangwe kwa mstari mmoja njiani. Punje 20 za mahindi ni Wahehe. Mwenye mahindi anaandika pembeni vyumba alikojificha, bila kumwonyesha mwenzake, na anaziweka punje mezani siku ya shambulio tu. Maharage yanatembea chumba kimoja kwa zamu na kupiga hadi vyumba sita. Mahindi yanatembea viwili na kuchoma cha jirani. Dadu ya ludo ikitoa 4, 5 au 6, aliyepigwa anatoka. Cheza mara ya kwanza mahindi yakianzia mbali uwandani, mara ya pili yakianzia kwenye vichaka vya kando ya njia. Mara ya tatu badilishaneni pande, na mwenye maharage aruhusiwe kutuma punje mbili mbele kuchungulia vichaka kabla msafara haujaingia bondeni.