Kuku wa njugu wa Kithai katika meko ya Chebunyo

Huenda nawe unayajua haya. Umepata habari Ijumaa kwamba wageni wanakuja Jumapili, tena si wageni wa kupita bali ni jamaa wa upande wa mume. Uani una kuku watatu wa kienyeji. Mmoja anaatamia, wa pili ndiye anayekupa mayai, na wa tatu ndiye hana bahati. Utamchinja, utamchemsha, utamkaanga kwa kitunguu na nyanya, utasonga ugali, na wageni watakula na kushukuru. Lakini hii ni mara ya ngapi wanakula chakula hicho hicho nyumbani kwako?

Leo nataka tumpike kuku yule yule kwa namna ya watu wa Thailand, ambao humla kwa mchuzi mzito wa njugu karanga. Usitishwe na jina la nchi. Chakula hiki nimekipika hapa Chebunyo juu ya mafiga matatu, kwa kuni, na hakuna kitu hata kimoja kilichonilazimu kupanda gari la Nairobi. Niliharibu mara ya kwanza, na nitakueleza nilivyoharibu ili wewe usiharibu.

Wasomaji wa mbali wakisikia Bomet au Kericho hufikiria majani chai tu, vilima vya kijani hadi upeo wa macho. Hiyo ni Bomet ya juu. Huku kwetu Chebunyo, pembe ya chini ya Chepalungu kuelekea Narok, jua ni kali zaidi na mvua ni ya kubahatisha. Sisi ni watu wa ng'ombe na mahindi. Kwa hivyo katika meko ya huku maziwa si tatizo, kuku si tatizo, na mboga za kienyeji zipo mvua ikinyesha. Njugu hatuzilimi kwa wingi. Zinatoka upande wa ziwa, Homa Bay na kwingineko, nasi tunazinunua sokoni kwa kikombe.

Sasa, kwa nini Wathai na njugu? Ukweli ni kwamba njugu karanga si zao wala si zetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ni Wareno waliozitawanya Afrika na Asia walipokuwa wakizunguka na merikebu zao. Afrika tayari tulikuwa na njugu mawe, kwa hivyo bibi zetu hawakushangaa walipoziona hizi nyingine. Kila watu walizipika walivyojua. Waganda huziponda mbichi na kuzichemsha polepole hadi ziwe mchuzi wa kumwagia matoke, na huuita binyebwa. Watanzania hutia karanga katika kisamvu na mchicha. Watu wa Java walichoma nyama vijitini na kuila kwa mchuzi wa njugu, na mtindo huo ukasambaa hadi Thailand, ambako ulikutana na tui la nazi, pilipili, ukwaju na sukari ya mtende.

Wana chakula kingine ambacho mimi ndicho nilichokipenda zaidi. Nyama huwekwa juu ya mboga ya majani iliyochemshwa, kisha mchuzi wa njugu humwagwa juu yake. Jina lake kwa Kithai maana yake ni Rama anaoga. Rama ni shujaa wa hadithi yao kuu, Ramakien, naye huchorwa akiwa na ngozi ya kijani. Basi mboga ndiyo Rama, na mchuzi ndio maji yake ya kuoga. Nilipomweleza mavyaa wangu habari hii alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akauliza kama huyo Rama huoga na sahani yake mwenyewe.

Tuanze na njugu, maana hapo ndipo penye hatari. Kwa kuku mmoja wa kuwatosha watu sita utahitaji vikombe viwili vya njugu zilizomenywa. Zinunue mbichi, na usinunue zilizosagwa tayari ikiwa humjui aliyezisaga. Njugu zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ile ile ya mahindi. Bila shaka unakumbuka mwaka wa 2004, wakati watu 317 walipougua katika sehemu za Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mtu akila kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki siku hiyo, lakini ini lake ndilo linaloumia.

Wengi hudhani moto unaimaliza sumu hii. Moto huipunguza tu, haumalizi. Kwa hivyo mwaga njugu zako kwenye uteo, keti mahali penye mwanga, na uzichague moja moja kama unavyochagua mchele. Ile iliyokunjamana itupe. Ile yenye rangi ya kijani au nyeusi itupe, na iliyovunjika na kufifia pia. Usiwape kuku, kwani sumu huwadhuru nao. Ukionja moja ikawa chungu, iteme. Kazi hii huchukua kama robo saa, na mimi huwapa watoto wakubwa waifanye huku wakinisimulia habari za shule. Wale wadogo wa chini ya miaka mitano wasiachwe karibu na njugu nzima, kwani ni rahisi sana kuwapalia.

Ukimaliza kuchagua, zikaange kwenye sufuria kavu, bila mafuta, juu ya moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Usiende kuchungulia ng'ombe. Njugu hubadilika kutoka nzuri hadi kuungua katika muda wa kufumba na kufumbua, na njugu iliyoungua huutia mchuzi wote uchungu. Zikianza kunukia na ngozi kupasuka, epua, zisugue kwa viganja, upepete maganda, kisha uzitwange kwenye kinu. Wathai hawazisagi zikawa laini kabisa. Acha chembechembe kidogo ili mlaji azisikie menoni.

Kuku naye ana habari yake. Maelezo ya vitabuni yameandikwa kwa kuku wa gredi ambaye huiva kwa nusu saa. Jogoo wa Chebunyo aliyekimbia uani miaka miwili ukimpa nusu saa atakuaibisha. Mkatekate, mtie kwenye sufuria na maji ya kumfunika, chumvi, kipande cha tangawizi ulichokiponda, na mabua mawili ya mchaichai uliyoyagonga kwa mchi ili yatoe harufu. Mchaichai huu ni ule ule ambao wengine hutia katika chai. Wathai hawawezi kupika bila huo, na ukiupanda kando ya bomba la maji hautakusumbua tena. Funika na uache uchemke polepole kwa saa moja, au moja na nusu kwa yule mzee, mpaka uma uingie bila kulazimishwa. Supu usiimwage. Mpake kuku aliyeiva manjano nusu kijiko na chumvi kidogo, kisha umkaange kwa mafuta machache hadi awe na rangi ya kahawia.

Tumefika kwenye mchuzi. Twanga pamoja vitunguu maji viwili vidogo, punje tano za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, bua moja la mchaichai lililokatwakatwa sehemu yake nyeupe, na pilipili mbili, au moja ikiwa kuna watoto. Wathai wenyewe hutia pilipili nyingi, lakini wageni wako si Wathai. Kaanga mchanganyiko huu kwa mafuta vijiko viwili mpaka harufu ya ubichi iishe. Hapo utie tui la nazi vikombe viwili. Nazi huletwa kutoka pwani, na mara nyingi utaipata katika miji mikubwa kama Kericho au Kisii. Ikiwa ipo, kuna, kamua, na uache tui lichemke hadi mafuta yaanze kuelea juu, ndipo utie njugu zako.

Ikiwa nazi hakuna, tumia maziwa ya ng'ombe. Na hapa ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpikia mavyaa chakula ambacho hakukijua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anatazama bila kusema. Sikuwa na nazi, nikatumia maziwa mabichi yaliyokamuliwa asubuhi. Mchuzi ulikuwa ukitokota vizuri, mzito, wa rangi ya udongo. Nilijua kwamba mchuzi wa Kithai sharti uwe na uchachu, nao hutumia ukwaju. Sikuwa na ukwaju, nikakamua limau zima ndani ya sufuria iliyokuwa ikichemka. Kwa muda wa dakika moja maziwa yote yalikatika yakawa mabonge yakielea kwenye maji. Mavyaa akanyoosha shingo, akachungulia, akasema kwa upole, "Mwanangu, kama ulitaka mursik ungeniambia, ninayo kwenye kibuyu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kuku alikuwa mmoja, wageni walikuwa wameshafika kwenye lango, na njugu za kutwanga upya hazikuwepo. Tulimla kuku yule kwa supu yake, na mchuzi ukaenda kwa mbwa, ambaye alishukuru.

Sababu ni rahisi, na nilipaswa kuijua maana nimeishi na mursik miaka yote hii. Maziwa yakikutana na uchachu hukatika, na moto huharakisha jambo hilo. Tui la nazi ni gumu zaidi kuharibika kwa njia hiyo. Kwa hivyo, ukitumia maziwa, yachemshe kwanza peke yake, yatie kwenye mchuzi moto ukiwa mdogo, tia njugu, koroga, na limau usilitie kabisa sufuriani. Likate vipande, uvipange kando ya sahani, kila mmoja akamulie chakula chake. Tangu nifanye hivyo sijapata aibu tena.

Baada ya njugu kuingia, ongeza supu ya kuku kikombe kimoja, sukari kijiko kimoja kikubwa na chumvi. Sukari guru ni bora kuliko nyeupe kwa sababu ladha yake inakaribia ile ya mtende. Usiache sukari ukidhani ni kosa la uandishi. Ladha ya chakula hiki ni tamu, chachu, kali na chumvi kwa pamoja, na ukitoa moja utabaki na uji wa njugu. Wathai hupata chumvi yao kutoka kwa maji ya samaki waliovundikwa. Badala yake mimi hukaanga omena kijiko kimoja, wasio na vichwa, nikawatwanga wawe unga na kuutia ndani. Hakuna anayetambua kwamba ni omena, lakini usimfiche mtu. Wazee wengine wa huku hawali samaki, basi waambie mapema, au utie chumvi tu.

Mchuzi wa njugu hushika chini ya sufuria kwa siri. Koroga kwa mwiko ukifika mpaka chini, kwa dakika kumi hadi kumi na tano, na vuta kuni nje ukiona unarukaruka. Ukiwa mzito kupita kiasi ongeza supu ya moto kidogo kidogo. Ukiona mafuta yamejitenga juu, usiogope, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Kumbuka kwamba utazidi kuwa mzito ukipoa, kwa hivyo epua ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka mezani.

Mboga ni jambo la dakika chache. Wathai hutumia mboga inayoota majini. Spinachi inafaa, na sukuma wiki changa pia. Mimi hupenda managu, kwa sababu ule uchungu wake kidogo unapatana na utamu wa mchuzi. Chemsha, chuja maji, tandaza kwenye sinia, panga kuku juu, kisha umwage mchuzi. Nyunyiza dania iliyokatwa na njugu chache ulizoziacha. Kwao huliwa kwa wali. Huku nimejaribu kwa wali na kwa ugali, na kwa maoni yangu ugali umeshinda, kwani tonge hubeba mchuzi wote na sahani hubaki safi.

Kabla hujapakua, waulize wageni swali moja waziwazi: je, kuna yeyote anayedhurika na njugu? Wapo watu ambao wakila hata chembe huvimba midomo, hutokwa na vipele, na wengine hushindwa kupumua. Huyo apelekwe hospitali mara moja, asisubiri kuona kama itapita. Nyumbani kwetu kuna mtoto mmoja wa binamu wa namna hiyo, nami humtolea kuku wake kando mapema, kabla mwiko wa njugu haujagusa chochote.

Mchuzi ukibaki na huna friji, usiulaze. Uchemshe tena jioni hiyo hiyo, uule na viazi vitamu au ndizi za kuchemsha. Mavyaa wangu siku hizi huutaka hivyo, na kila nikichinja kuku huuliza kama Rama ataoga.